Kila Diski Hupita kwa Kinyozi

Mama Kanda alikuwa na chumba kimoja cha kazi, dirisha moja na deki sita, na katika hizo sita ni nne tu zilizokuwa na adabu. Mbili zilizobaki zilifanya kazi siku zilipojisikia. Ukimwambia azitupe, alikutazama kama mtu uliyemtukana. "Mashine ya zamani ni kama mkwe," alikuwa akisema. "Hamwelewani, lakini siku ya shida utamtafuta."

Kazi yake ilikuwa kutoa picha kwenye kanda za zamani na kuzihamishia kwenye diski. Watu walimletea harusi, mahafali, siku za kuzaliwa na mechi za mpira ambazo hakuna aliyekumbuka tena nani alishinda. Mwisho wa wiki alibeba kamera akaenda kupiga picha za harusi mpya, maana kanda za zamani zina mwisho na watu hawaachi kuoana.

Hakuzaliwa na kamera mkononi. Alikuwa mpiga chapa kwa miaka kumi na tisa, mpaka ofisi ilipoleta kompyuta na wapiga chapa saba wakapewa barua ya kushukuriwa, barua ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipiga. Wenzake walikwenda kulia nyumbani. Yeye alilia njiani ili asipoteze muda, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekaa darasani pamoja na vijana wa umri wa binti yake, akijifunza video. Mwalimu aliposema kwamba video ni picha zilizosimama, ishirini na tano kila sekunde, na kila moja huitwa fremu, Mama Kanda alinyoosha mkono akauliza ni nani aliyezihesabu. Darasa zima lilicheka. Leo waliocheka humpigia simu wakikwama.

Kwa sababu hiyo hakumdharau mtu anayeanza. Mteja akiingia na kanda yake, kabla hajaelezwa bei wala siku ya kuchukua, alipewa kiti na somo, atake asitake.

"Diski ziko za aina mbili," Mama Kanda angeanza, akiinua moja kila mkono. "Hii ukishaandika umeandika, ni wino. Hii nyingine inafutika, ni penseli. Mimi naanza na penseli. Nikiona kosa nafuta, narekebisha. Nikiridhika, naandika nakala safi kwa wino."

Wengi walisema wameelewa ili somo liishe. Hawakumjua.

"Halafu diski lazima ifungwe. Barua isiyo na sahihi wala muhuri, mimi niliyeiandika naisoma vizuri tu. Ukiipeleka ofisi nyingine, wanakwambia hii siyo barua. Diski nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa haijafungwa, mashine iliyoiandika inaitambua, lakini ukiitia kwenye mashine ya jirani inakwambia haioni kitu. Kuifunga ndiyo kuipigia muhuri."

Somo la mwisho alilitoa mlangoni, mteja akiwa tayari na mguu mmoja nje. "Na mashine yoyote ikikuuliza swali usilolielewa, jibu ni hapana. Hata ikiuliza kwa heshima."

Baada ya masomo kulikuwa na mtihani, na huo haukuwa wa mteja. Ulikuwa wa diski, na mtahini alikuwa kinyozi.

Kinyozi alipakana naye ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye vioo vikubwa pande zote, na runinga na deki moja juu ya kabati, na hakuna mashine iliyokuwa na nongwa kama deki ile mtaa mzima. Diski yenye mkwaruzo mdogo tu iliitema. Mama Kanda aliipenda kwa tabia yake hiyo hiyo. Diski itakayokubaliwa na deki ya kinyozi, alisema, itakubaliwa popote duniani. Basi kila diski aliyoimaliza aliibeba, akapita mlango wa pili, akaitia mle na kuionja mwanzo, katikati na mwisho. Wanaonyolewa walijikuta wakitazama harusi za watu wasiowajua. Mmoja alirudi wiki iliyofuata, kichwa chake hakina hata nywele ya kukata, akauliza, "Yule bibi harusi wa juzi, ile keki walifika kuikata?"

Mtihani huo ulimwokoa mara nyingi. Siku moja kinyozi aliacha mkasi hewani akauliza, "Dada, hawa watu wamenenepa wote kwa pamoja?" Kumbe picha ya zamani, ambayo umbo lake ni karibu mraba, ilikuwa imevutwa kujaza kioo kipana cha runinga, na shangazi mmoja wa bwana harusi alikuwa amefikia ukubwa wa mlango. Mama Kanda alirudi mbio kuirekebisha. Shangazi yule alijulikana kwa ulimi, na diski ingefika kwake vile, mtaa ungehama.

Kwa miaka kumi na moja hakuna diski iliyowahi kurudi na malalamiko. Alijivunia hilo kuliko kitu kingine chochote, na hakuficha.

Alikuwa pia na desturi moja ambayo binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, haikumpendeza. Akihariri picha za harusi, popote alipojiona mwenyewe alijikata. Kiwiko kikipita pembeni, anakata. Kivuli chake kikianguka ukutani, anakata. "Watu hawakunilipa wanione mimi," alisema. Binti alimwambia kwenye simu, "Mama, katika diski zote hizo elfu, wewe humo hata moja." Mama Kanda alimjibu kwamba mpishi naye hakai ndani ya sufuria, kisha akauliza habari za wajukuu.

Jumatatu moja, muuguzi kijana ambaye harusi yake ilikuwa wiki hiyo hiyo aliingia na kanda ndogo aliyoifunga kwenye taulo. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi akasikiliza masomo yote bila kutazama saa, jambo lililomfanya Mama Kanda ampende papo hapo.

"Mama yangu alifariki nikiwa na mwaka mmoja na nusu," alisema somo lilipoisha. "Ninayo picha yake moja, ya kitambulisho. Baba alinipa hii kanda juzi. Ameniambia, mama yako yumo humu, mimi sijawahi kuwa na moyo wa kuitazama. Jumamosi naolewa. Ukumbini kutakuwa na kioo kikubwa cha kuonyeshea video. Nataka mama ahudhurie harusi yangu."

Mama Kanda alikohoa, akaandika risiti.

Kanda ya aina ile ilisomwa na deki moja tu kati ya sita, na kwa bahati mbaya ilikuwa mojawapo ya zile mbili zisizo na adabu. Alhamisi asubuhi Mama Kanda aliisafisha, akaibembeleza, akaitia kanda. Kwenye mashine ya kurekodi aliweka diski ya penseli, akabonyeza kurekodi, akakaa na chai yake. Kazi hii haina njia ya mkato. Kanda ya dakika ishirini na mbili huhamishwa kwa dakika ishirini na mbili, na fundi mwenye kujali huzitazama zote. Picha ilitetemeka, ikatulia. Dakika ya kumi na tisa Mama Kanda aliweka kikombe chini, na hakukigusa tena. Ilipofika mwisho alirudi dakika ile ya kumi na tisa akaweka alama ya sura, kama sura ya kitabu, ili mtu aweze kuruka moja kwa moja hadi hapo.

Aliitoa diski ya penseli, akaiandika "Mama" kwa kalamu, akaiweka mezani. Kwenye mashine ya kunakilia akatia diski mpya ya wino. Ilibaki kuhamisha nakala safi, kuifunga, kuipeleka mtihani. Akabonyeza kitufe cha kutoa kanda, na hapo deki ikafanya ilichokuwa ikingoja kufanya miaka yote. Ikaitafuna.

Mama Kanda alisikia sauti ile, na kila fundi wa kanda anaijua. Alichomoa waya, akafungua kifuniko, akaingia na kibano. Muda mrefu alikuwa ameinamia mashine akivuta utepe uliokunjamana, akiomba na kutukana kwa zamu. Ulipotoka ulikuwa vipande vitatu, na katikati umesagika.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Muuguzi alikuwa amepata nafasi kazini akaja mapema, bado na sare yake nyeupe.

Mama Kanda hakuwa mtu wa kuficha. Alimwonyesha utepe. "Mwanangu, mashine imeila kanda yako. Kosa ni langu, niliiamini. Lakini picha zote nilikuwa nimeshazitoa. Ziko salama, hizi hapa." Akachukua diski iliyoandikwa "Mama" pale mezani, akaitia kwenye bahasha, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Muuguzi aliutazama utepe. "Basi hii ndiyo pekee?"

"Ndiyo pekee. Ishike vizuri. Usiiguse kwenye uso, shika ukingoni."

Walitoka wote, Mama Kanda akachungulia kwa kinyozi. Deki ya kinyozi ilikuwa imefunguliwa juu ya kaunta, matumbo nje. "Nywele zimeingia ndani," alisema kinyozi, akipuliza. "Nipe saa mbili nimalize kuisafisha."

"Mimi sina saa mbili," alisema muuguzi. "Shemeji yangu yuko ukumbini anapanga mitambo. Ananisubiri, anataka kuiingiza kwenye kompyuta yake."

Na Mama Kanda, ambaye miaka kumi na moja hakuwahi kuruka mtihani, akasema, "Leo ipite tu."

Saa nzima baadaye alifungua mashine ya kunakilia aanze kazi ya mtu mwingine. Akakuta diski ndani. Aliitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Diski iliyoandikwa huonyesha duara la rangi iliyokolea kuanzia katikati, na jicho lililozoea huliona bila miwani. Hii ilikuwa na rangi moja, nyororo, kutoka ukingo hadi ukingo. Haikuwa na kitu.

Nakala safi hakuwahi kuitoa. Alimpa mtoto wa watu ile ya penseli. Haikufungwa, kwa hiyo kila mashine itakayoipokea itasema ni tupu. Na inafutika, kwa hiyo kompyuta itauliza kwa heshima zote kama iisafishe ili itumike upya. Huko ukumbini kulikuwa na shemeji anayejua kompyuta, na Mama Kanda aliwaogopa watu wa aina hiyo kuliko wasiojua kabisa. Asiyejua huuliza. Anayejua nusu hubonyeza.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

"Kinyozi!" alifoka, akiwa tayari nje. "Nimefanya kosa! Nimetoa diski haijafungwa!"

Kinyozi alikuwa amemnyoa mteja ndevu za upande mmoja. Alitazama uso wa rafiki yake, akaweka wembe chini. "Ukumbi upi?"

"Na mimi je?" aliuliza mteja, shuka bado shingoni.

"Wewe njoo," alisema kinyozi. "Huwezi kubaki hivyo peke yako."

Ukumbi ulikuwa mitaa minne mbele, nyuma ya kituo cha mafuta. Mama Kanda hakuwa amekimbia tangu enzi za shule, na hata siku hiyo ulikuwa zaidi mwendo wa hasira kuliko mbio, kandambili moja ikimsaliti kila kona. Nyuma yake alikuja kinyozi akihema, na nyuma ya kinyozi mtu mwenye shavu moja lenye ndevu na shuka likipepea. Watu walisimama kutazama. Yeye hakuona mtu. Aliona tu kidole cha mtu fulani kikielea juu ya kitufe, na mama wa binti yule, aliyelindwa ndani ya kanda miaka yote hiyo, akifutwa kwa mbofyo mmoja, na ni yeye Mama Kanda aliyemtoa humo.

Ndani ya ukumbi walikuwa wakivalisha viti vitambaa. Karibu na jukwaa alisimama kijana mwenye nyaya shingoni, kompyuta wazi mbele yake.

"Shikamoo, mama," alisema kijana.

"Marahaba, toa mkono hapo!"

Kijana aliinua mikono yote miwili juu kana kwamba ameelekezewa bunduki. "Sijagusa! Muulize shemeji mwenyewe. Mimi nilimwambia diski ni tupu, kompyuta imeshauliza iiandae upya, nikasema nibonyeze ndiyo, tuone. Amekataa katakata. Ameitoa akakaa nayo pale. Tumegombana kweli, na harusi bado."

Muuguzi alikuwa kwenye kiti cha pembeni, bahasha kifuani, ameikumbatia kwa mikono miwili. Macho yalikuwa mekundu. Simu ilikuwa ikiita ndani ya mkoba chini ya rundo la vitambaa, na ni Mama Kanda mwenyewe aliyekuwa bado anaipiga bila kujua, kidole kimeganda kwenye kitufe.

"Mama, wanasema hakuna kitu humu," alisema muuguzi. "Mashine iliuliza swali sikulielewa. Nikakumbuka ulivyosema. Nikasema hapana."

Mama Kanda alikaa chini palepale, kwenye sakafu, kati ya viti vyeupe. Alicheka na kulia, na hakujali nani anaona. "Hapana," alirudia. "Hapana, mwanangu. Hilo ndilo jibu." Kisha akamweleza kosa lake lote tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata lile la mtihani.

Walirudi kwa mwendo wa kistaarabu. Diski iliingia kwenye mashine iliyoiandika, nayo ikaitambua mara moja, haina hata habari ya yaliyopita. Mama Kanda aliandika nakala tatu za wino. Kila moja alipobonyeza kufunga, aliishika mashine kwa kiganja mpaka taa ikazima. Kinyozi naye alirudisha matumbo ya deki yake, akabakiwa na skrubu moja aliyoificha mfukoni. Kisha wote wakajipanga kwenye benchi la wanaosubiri kunyolewa, na diski ikaingia mtihani.

Deki ilinung'unika, ikafikiri, ikakubali.

Kwenye kioo cha runinga alionekana mtoto mdogo akitambaa kwenye mkeka. Mtoto akila uji, uji ukiwa mwingi usoni kuliko mdomoni. Mtoto akisimama, akianguka. Na kila wakati sauti ya mwanamke, karibu sana, ikimwita, ikimcheka, ikimwambia njoo, njoo kwa mama.

Dakika zilikwenda. Muuguzi alikunja taulo lake mara nne. "Ni mimi tu," alisema kwa sauti ndogo. "Mama ndiye aliyekuwa anapiga picha. Kwa hiyo yeye hayumo."

"Subiri," alisema Mama Kanda. Akachukua rimoti, akaenda sura ya pili.

Chumba cha kulala. Kabati la nguo lenye kioo mlangoni. Ndani ya kioo mwanamke kijana, mtoto kambeba kiunoni, kamera kubwa begani, nusu ya uso imefichwa. Akasimama. Akaishusha kamera taratibu toka jichoni, akajitazama, akatabasamu, likaonekana pengo dogo la meno ya mbele. "Na mama naye yumo," alimwambia mtoto. "Ukikua utaniona."

Kwenye vioo vya kinyozi, pande zote, alionekana muuguzi akiwa ameziba mdomo kwa mikono. Alipoishusha, kila mtu pale aliliona pengo lile lile.

"Rudisha," alisema.

Wakarudisha mara nyingi. Mteja mwenye ndevu nusu alikuwa akipangusa macho kwa shuka la kinyozi, na hakuna aliyekumbuka shavu lake mpaka jioni.

Jumamosi Mama Kanda alikuwepo na kamera yake, safari hii kama mwalikwa, ila alikataa katakata kuja mikono mitupu. Aliingia chumba cha kuvalia wakati bibi harusi anamalizia kufungwa vifungo mgongoni. Kulikuwa na kioo kirefu ukutani. Alimpiga picha bibi harusi akijitazama, akasogea kando ili asionekane, kama kawaida yake.

"Mama," alisema bibi harusi bila kugeuka, akimtazama kwa kupitia kioo. "Ishushe kidogo."

"Nitaharibu picha yako."

"Ishushe."

Mama Kanda aliishusha. Ndani ya kioo alisimama mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizovurugwa na mkanda wa kamera, miwani imepanda upande mmoja, asiyejua afanye nini na uso wake. Alisimama hivyo kwa sekunde nne, yaani fremu mia moja. Kisha akairudisha kamera jichoni, maana nje walikuwa wanaita.

Jumatatu alihariri. Alikata vidole vilivyoziba lenzi, akakata hotuba ya mjomba ikabaki nusu, na hakuna atakayelalamika isipokuwa mjomba. Alipofika kwenye kioo kirefu, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kukata. Ukakaa pale. Alizitazama sekunde zile nne, akaziacha. Aliandika nakala moja zaidi ya zilizoagizwa, na kwenye bahasha yake akaandika anwani ya binti yake. Akabonyeza kufunga, akangoja taa izime, akaibeba kwenda kwa kinyozi.